SAFARI YA LACOCK: KIJIJI AMBAKO PICHA ILITIWA NDANI YA SHABA





Hatuna budi kuanza kwa kuomba radhi. Katika toleo la miezi mitatu iliyopita tuliandika tanzia ya mzee wetu mmoja, aliyekuwa karani wa posta huko Unguja katika ujana wake, na baadaye nguzo ya darsa za Jumamosi katika mji wetu huu wa pwani ya kusini ya Uingereza. Pamoja na tanzia tulitia picha yake. Picha tuliyokabidhiwa ilikuwa na sura ya mtu. Iliyotoka katika mashine yetu ya kutolea nakala haikuwa na sura. Koti, kofia na uso vilichanganyika vikawa doa moja jeusi, na pale palipokuwa na mwangaza, shavuni na kwenye paji la uso, pakawa peupe kama karatasi tupu. Tulipotambua kosa, nakala zilikwisha fika majumbani.

Mjane wake, ambaye sote twamwita Bi Mkubwa, hakutugombeza. Alisema neno moja tu: "Wanangu, mmemzika mara ya pili."

Neno hilo lilitukaa rohoni. Tulipomwendea kumtaka radhi, alitutolea picha yenyewe tuitazame kwa mara nyingine. Ni picha ya studio, iliyopigwa Unguja katika miaka ya 1960, na ndiyo pekee aliyonayo ya mumewe akiwa kijana. Kwa miaka mingi ilitundikwa ukutani mkabala wa dirisha. Hapo tukaona jambo ambalo hatukuliona mwanzo: picha nayo ilikuwa inaondoka. Upande mmoja wa uso umekwisha kuwa wa manjano, na jicho la upande huo limebaki kivuli tu. Mashine yetu ilifanya kwa dakika moja kazi ambayo jua lilikuwa likiifanya polepole kwa miaka mingi.

Kijana mmoja wa jumuiya yetu, ambaye asoma sanaa katika chuo kimoja cha Bristol, ndiye aliyetufahamisha chanzo cha kosa. "Mashine yenu," alisema, "yajua mambo mawili tu: kutia wino au kutotia. Haijui kutia kidogo. Na uso wa binadamu wote ni kidogo na kidogo zaidi." Kisha akatueleza habari ya ufundi mkongwe ambao wajua kutia wino kidogo: picha ya kamera huchongwa ndani ya bamba la shaba nyekundu, palipo na kiza pakachimbwa sana na palipo na mwangaza pakaguswa tu, kisha wino ukajazwa mashimoni na kushindiliwa kwenye karatasi. Wenyewe huuita fotogravu. Akaongeza kwamba mwalimu wake ana karakana ya kazi hiyo, na kwamba kijiji ulikoanzia hakiko mbali. Basi tukaazimia kwenda, na Bi Mkubwa tukaenda naye.

NJIANI

Tuliondoka Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, watu kumi na wanne katika basi dogo la kukodi: wazee watatu, kina mama watano, vijana wawili na watoto wanne. Kina mama walikuwa wameamka kabla ya alfajiri, na nyuma ya viti mlijaa sufuria ya pilau iliyofungwa mataulo, sambusa, mandazi na chupa tatu za chai. Bi Mkubwa alikaa mbele, picha yake imo katika bahasha, bahasha imo katika mkoba, na mkoba uko mapajani, mikono miwili juu yake.

Njia yapita Southampton, kisha yapanda kwenda Salisbury na Warminster, na baada ya Melksham mtu huanza kuona vibao vya Lacock. Ni mwendo wa saa mbili na ushei. Mashamba ya Wiltshire mwezi huo ni ya rangi ya dhahabu, na watoto waliacha kuuliza tutafika lini pale walipoambiwa kwamba baadhi ya sehemu za filamu za Harry Potter zilipigwa katika nyumba tuiendeayo.

Lacock ni kijiji cha mawe na mbao, chenye mitaa michache na paa zilizopinda kwa uzee. Mwaka 1944 mwenye mali, Bibi Matilda Talbot, alikikabidhi kwa National Trust, chama kinachotunza majengo ya kale ya Uingereza, pamoja na nyumba kubwa ya Lacock Abbey. Nyumba hiyo iliasisiwa mwaka 1232 kuwa makao ya watawa wa Kikristo. Mfalme Henry wa Nane alipozifunga nyumba za watawa, ikauzwa ikawa makazi ya matajiri, na baada ya vizazi ikamfikia William Henry Fox Talbot, aliyezaliwa mwaka 1800 na kufariki mwaka 1877. Karibu na lango pana ghala la kale ambalo sasa ni makumbusho yake.

DIRISHA

Ndani ya nyumba, katika ukumbi mwembamba wa upande wa kusini, lipo dirisha. Mgeni asiyejua angelipita. Si kubwa, halina nakshi ya kushangaza; ni vipande vidogo vya vioo vilivyoshikwa kwa risasi. Lakini mwezi wa Agosti 1835 Talbot alisimamisha mbele yake kisanduku cha mbao chenye lenzi, ndani yake akiwa ametia karatasi iliyopakwa chumvi ya fedha, akaliacha jua lifanye kazi. Karatasi ile ipo hadi leo katika hazina ya makumbusho ya taifa ya sayansi, na ndiyo picha kongwe kuliko zote za aina ya negativu zilizosalia. Ukubwa wake haupiti stempu ya posta. Talbot aliandika pembeni yake kwamba ilipokuwa mpya mtu aliweza, kwa kutumia lenzi, kuvihesabu vipande vya kioo, yapata 200.

Maneno "ilipokuwa mpya" tuliyasoma mara mbili.

Visanduku vyenyewe vilikuwa vidogo na vimetapakaa kila pembe ya nyumba, hata mkewe Constance akaviita mitego ya panya. Watoto wetu walilipenda jina hilo kuliko mambo yote ya siku ile. Mzee mmoja miongoni mwetu, mwalimu mstaafu, akawaita kando akawakumbusha kwamba habari ya chumba cha giza na tundu la mwanga haikuanza Uingereza. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965 na kufariki Misri yapata mwaka 1040, aliandika katika Kitab al-Manazir na risala zake nyingine jinsi mwanga unavyopita tunduni na kuchora sura ya kitu cha nje, juu chini, katika ukuta wa ndani. Kilichokosekana kwa miaka 800 hakikuwa tundu wala lenzi, bali namna ya kuifanya sura ile ikae.

Talbot mwenyewe alisema tamaa hiyo ilimwingia Oktoba 1833, kando ya Ziwa Como huko Italia, alipojaribu kuchora mandhari kwa msaada wa kioo cha wachoraji na mkono wake ukamwangusha. Alijiuliza iwapo sura hizo haziwezi kujichora zenyewe na kubaki. Miaka miwili baadaye zilijichora. Kubaki ndiko kulikokuwa kugumu.

HOFU YA KUFIFIA

Hapa ndipo tulipoanza kumwelewa Bwana yule, maana taabu yake ilikuwa taabu ya Bi Mkubwa, na, kwa aibu yetu, ilikuwa pia taabu ya jarida hili.

Kati ya mwaka 1844 na 1846 Talbot alitoa kitabu kiitwacho The Pencil of Nature, ambacho huhesabiwa kuwa kitabu cha kwanza kuuzwa kikiwa na picha za kamera. Picha 24 zilibandikwa kwa mkono, nakala baada ya nakala, kutoka karakana iliyokuwa mjini Reading. Mwaka 1846 jarida la sanaa la London, The Art-Union, liliwapelekea wasomaji wake toleo lenye picha halisi ya Talbot ndani ya kila nakala. Yalikuwa maelfu ya picha, zilitengenezwa kwa haraka, na nyingi hazikuoshwa vya kutosha. Dawa iliyobaki ndani ya karatasi ikaanza kuila fedha. Wasomaji wakafungua jarida wakakuta kilichokuwa jengo kimekuwa ukungu wa manjano. Tuliposoma habari hizo tulitazamana, tukanyamaza. Kumbe wahariri wenzetu walipatwa na fedheha kama yetu kabla hata babu zetu hawajazaliwa. Malalamiko yakaenea, hata mwaka 1855 chama cha wapiga picha cha London kikaunda kamati kuchunguza kwa nini picha zinafifia.

Talbot alifikiri hivi: wino wa wapiga chapa, ambao weusi wake ni masizi, haufifii. Vitabu vya miaka 400 vyasomeka kama vilivyochapwa jana. Basi badala ya kuiamini fedha, picha itiwe katika chuma na ichapwe kwa wino. Mwaka 1852 alipata hati ya kulinda uvumbuzi wa kwanza wa namna hiyo, na mwaka 1858 ya pili.

Siri yake ilikuwa jelatini. Ndiyo, jelatini ileile ambayo kina mama huitafuta kwa makini katika maandishi madogo ya pakiti za peremende. Ikichanganywa na chumvi iitwayo bikromati ya potasiamu, jelatini hugeuka tabia: ipigwapo na jua huwa ngumu, isipopigwa hubaki laini. Talbot aliipaka juu ya bamba, akalaza jani au picha angavu juu yake, akaiweka juani. Kisha akamimina dawa ya kula chuma. Palipokuwa pagumu dawa haikupita. Palipokuwa laini ilipenya ikachimba.

Likabaki tatizo moja. Shimo pana haliwezi kushika wino: fundi apanguspo bamba, kitambaa huufagia wote. Kiza kipana lazima kikatwe vipande vidogo mno, kila kipande kishike wino wake, kama mchele unavyoshika maji bora kuliko sinia tupu. Mara ya kwanza Talbot alitumia kitambaa chepesi cha wavu, mfano wa shashi, akiacha nyuzi zake zigawe bamba. Mara ya pili, katika hati ya mwaka 1858, alitumia unga laini, ulionyunyizwa juu ya bamba kisha ukapashwa moto hata chembe zake zikayeyuka na kushika. Na unga huo, ndugu wasomaji, ulikuwa wa sandarusi.

Mwalimu mstaafu alisimama ghafla tulipomfasiria neno hilo. Vijana wetu hawalijui. Sandarusi ni utomvu wa miti uliogeuka kuwa kama jiwe kwa kukaa ardhini zama na zama. Hupatikana sehemu mbalimbali za dunia, lakini katika karne ya 19 iliyosifiwa kuliko zote na watengenezaji wa vanishi wa Ulaya na Marekani ilikuwa ile iliyochimbwa katika mrima wetu, hasa Uzaramo na kusini yake, ikaletwa Unguja, ikasafishwa na kupakiwa majahazini na merikebuni. Mji wa Salem huko Massachusetts ulikuwa na karakana ya kuisafisha. Karafuu na pembe twazikumbuka, sandarusi tumeisahau. Mwalimu alisema bibi yake alikuwa akiitia chetezoni pamoja na udi, na kwamba hakutarajia kulisikia jina hilo katika ghala la Wiltshire.

Tulisali Adhuhuri katika majani nje ya kijiji, tukala pilau, kisha tukashika njia ya Bristol.

KARAKANANI

Kabla ya kuingia karakanani, yafaa tueleze kwamba Talbot hakuikamilisha kazi. Aliyeikamilisha ni Karel Klíč, mtu wa Bohemia, aliyekuwa akiishi Vienna. Mwaka 1879 aliunganisha mambo mawili: chembe za utomvu au lami zilizoyeyushwa juu ya shaba, na karatasi yenye utando wa jelatini ya rangi, iliyobuniwa na Mwingereza Joseph Swan mwaka 1864. Kwa njia hiyo vivuli vyote, kuanzia cheusi cha makaa mpaka kijivu cha moshi, vikapata kina chake. Ndiyo njia aliyoitumia Mmarekani Edward Curtis kuchapa picha za wenyeji asilia wa Marekani Kaskazini katika juzuu 20, kati ya mwaka 1907 na 1930, na nyuso hizo hazijafifia.

Fundi wetu ni mwanamke wa makamo, mwenye mikono iliyoingia wino hata kwenye mistari ya viganja. Alitupokea kwa adabu, akampa Bi Mkubwa kiti cha pekee kilichokuwamo. Kazi ya mwanzo alikwisha ifanya. Bi Mkubwa alikuwa amekataa katakata picha isitoke mkononi mwake, kwa hiyo mjukuu wake aliinakili nyumbani kwa mashine ya skana, na kutokana na nakala hiyo fundi akatengeneza filamu angavu yenye ukubwa wa bamba. Tulimwuliza kwa nini hakulirudisha lile jicho lililofifia, ilhali siku hizi kompyuta huweza kufanya kila kitu. Mjukuu alimfasiria bibi yake jibu lake: "Kilichobaki nimekikusanya chote. Kilichokwisha kufutika sikukichora, maana lingekuwa jicho langu, si lake."

Bi Mkubwa alitikisa kichwa kukubali. Alisema, "Huyu ni mkweli."

Bamba lilikuwa mezani, pana kama sahani ya chai iliyofanywa mraba. Shaba yake ilikuwa imenyunyiziwa unga wa utomvu ndani ya kabati maalumu ambalo vumbi hutimuliwa, kisha huachwa litue lenyewe kama umande. Juu ya unga ulioyeyushwa palikuwa na jelatini iliyopigwa mwanga chini ya filamu, ikabandikwa kwenye shaba na kuoshwa kwa maji ya moto. Penye mwangaza wa picha, jelatini ilikuwa nene. Penye kiza, nyembamba kama ngozi ya kitunguu.

Fundi alivaa glavu, akamimina katika trei dawa ya rangi ya chai kavu. Ni kloridi ya chuma. Alikuwa na trei kadhaa, kuanzia dawa nzito hadi nyepesi. Ile nzito hupenya pale tu jelatini ilipo nyembamba kabisa. Kila inapozidi kuongezwa maji hupenya zaidi. Kwa hiyo kofia nyeusi ya marehemu ilianza kuliwa kwanza, kisha koti, kisha kivuli cha shingo, na mwisho kabisa, kwa sekunde chache tu, shavu. Mama mmoja alisema, "Ni kama hina. Ilikokaa zaidi ndiko inakokolea." Alipofasiriwa, fundi alicheka, akasema hajapata kulielezea vizuri hivyo kwa wanafunzi wake.

Baada ya nusu saa hivi aliliosha bamba likang'aa. Mjukuu mdogo wa kike alilitazama kwa ubavu, akasema kwa sauti ya mashaka, "Kalamu ya Babu iko upande mwingine." Kweli, katika picha kalamu imo mfukoni upande wa moyo, na juu ya shaba ilikuwa kulia. Fundi alimwambia asubiri. Katika shaba kila kitu hukaa kinyume, kama muhuri.

Kisha wino. Aliupaka bamba lote hata picha ikapotea, akaanza kuufuta kwa kitambaa cha shashi kilichokunjwa, kwa mizunguko, kwa subira, mwisho kwa kiganja kitupu. Juu pakatakata, mashimoni wino ukabaki. Akalaza karatasi iliyoloweshwa, juu yake mablanketi ya sufu, akazungusha gurudumu la mtambo. Gogo la chuma likapita juu yake polepole. Akafunua.

Karatasi ya kwanza ilitoka hafifu, ya kijivu. Bi Mkubwa aliitazama kwa muda, akasema, "Siye."

Sisi tulifadhaika, lakini fundi hakufadhaika. Alieleza kwamba bamba jipya huwa kavu, na wino wa kwanza huishia kulinywesha. Akarudia yote, kupaka, kufuta, kulaza, kuzungusha. Kufuta huko kwa pili kulichukua muda mrefu kuliko kwanza, na katika chumba kile hapakusikika ila mkono wake juu ya shaba. Akafunua karatasi ya pili akaigeuza.

Kofia ilikuwa nyeusi ya kweli, na ndani ya weusi wake ushonaji ulionekana. Koti lilikuwa na mikunjo. Kalamu ilikuwa upande wa moyo. Uso ulikuwa na kidogo na kidogo zaidi, kama alivyosema kijana wetu, na pale palipokuwa na jicho lililofifia palikuwa na kivuli chepesi, hakikuongezwa wala kupunguzwa. Tukipitisha kidole pembeni tulihisi bonde lililoachwa na ukingo wa bamba.

Bi Mkubwa alisema, "Ndiye." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio wake. Nasi tukaangalia pengine.

STEMPU

Kabla ya kuagana, mjukuu alitoa albamu ya stempu ya marehemu, akampa fundi aitazame kama shukrani. Fundi aliichomoa stempu moja ya uhuru wa Tanganyika ya Desemba 1961, akaiweka chini ya lenzi, akatuita. Rangi zilizoonekana kamili kwa macho ziligawanyika vidoadoa vingi vilivyopangwa kama wavu. Ni ufundi uleule.

Klíč alipohamia Uingereza alifanya kazi mjini Lancaster, na huko, pamoja na Samuel Fawcett, akaifanya shaba iwe gogo la kuzunguka badala ya bamba bapa. Mwaka 1895 ikaanzishwa kampuni ya Rembrandt Intaglio, ambayo kwa miaka mingi iliificha siri hiyo. Baadaye ilienea, ikawa njia ya kuchapia majarida na stempu kwa mamilioni. Stempu za Mfalme Fuad wa Misri za mwaka 1923 zilichapwa hivyo na kampuni ya Harrison and Sons, za Uingereza zikafuata mwaka 1934, na stempu za uhuru wa Tanganyika nazo zilitoka kwa Harrison hao hao. Karani wetu wa posta alipokuwa akigonga mihuri dirishani kwake, sura za aina hii zilikuwa zikipita mikononi mwake kila siku. Sasa yake imeingia katika jamii hiyo.

NENO LA MWISHO

Twajua kwamba suala la picha lina maneno miongoni mwetu. Ziko nyumba ambazo hazitundiki picha ya mtu ukutani kabisa, na ziko zinazotundika. Hilo tumewaachia masheikh wetu, na kila nyumba yajua msimamo wake. Bi Mkubwa hakuitundika ile mpya. Aliiweka sandukuni pamoja na cheti cha ndoa na tasbihi ya marehemu, na ya zamani akaitoa ukutani akaiweka hapo hapo, zikatenganishwa na karatasi. Bamba lenyewe lapakwa mafuta lisishike kutu, nalo limo mikononi mwa mjukuu. Likitunzwa, wajukuu wa mjukuu huyo wataweza kumchapa babu yao kwa kadiri ileile tuliyomwona sisi.

Lakini halitamrudishia jicho. Hilo ndilo tulilojifunza Lacock na Bristol, na ndilo tunalotaka kila msomaji alichukue: bamba halirudishi kilichopotea, lahifadhi kilichobaki. Laiti tungeenda miaka kumi kabla, tungepata zaidi.

Si kila mtu anahitaji shaba. Kila mtu, hata hivyo, anaweza kufanya haya wiki hii. Iondoe picha ya zamani mahali pa jua na penye unyevu. Usiiache ndani ya albamu za plastiki zenye gundi, zinazoila polepole. Itie katika bahasha ya karatasi isiyo na asidi. Ifanyie nakala ya skana leo, na nakala hiyo uiweke mahali zaidi ya pamoja, maana simu hupotea. Nyuma yake andika kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, jina la mtu, mahali na mwaka, ungali unawajua wanaoweza kukuambia. Na wazee wetu, tunawaomba msisubiri kuulizwa.

Ama sisi wahariri, tumetubu. Tangu sasa picha ya marehemu haitapita katika mashine yetu kabla kijana wetu hajaigawa vidoadoa, kama stempu, ili mashine isiyojua kutia kidogo ilazimike kujua. Katika ukurasa wa nyuma wa toleo hili mtaona jaribio la kwanza. Ni sura ya mzee wetu, karani wa posta, kutoka karatasi ya pili ya bamba lake. Haikufikia ile ya shaba, lakini Bi Mkubwa ameiona kabla hatujaichapa, na ametupa ruhusa.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na awarehemu wazee wetu wote waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.